Firigisi ya Mgeni

Baba watoto wangu ana karasha mbili za kusagia mawe ya dhahabu hapa Mwakitolyo, na mfuko wa mawe wa mtu haujawahi kumpotea. Wachimbaji wanaleta mifuko kutoka maduara mbalimbali, yote imepakaa vumbi lile lile, naye atakwambia huu wa nani kwa kuangalia fundo la kamba tu. Shida inaanza pale mwenye mfuko anapokuja kuuchukua.

Namtetea kidogo. Machimboni kila mtu ana vumbi la mawe kuanzia kwenye nyusi, na majina mengi ni ya kupachikana. Rashi ikisikika upande wa Geita, nusu ya watu uliowazoea wanahama usiku. Wakirudi baada ya mwaka wamenenepa, na mbaya zaidi, wameoga. Dawa ya mume wangu ni uchangamfu. Akisimamishwa njiani atashika mkono wa mtu asiuachie: habari za huko, mvua vipi, na wale wengine hawajambo? Wataagana wakicheka, halafu ananigeukia: "Hivi yule nani?"

Jioni moja akaingia uani mzee mmoja mwenye kandambili, kofia ya pama kichwani, mtetea kwapani na kiroba cha michembe mkononi.

"Mwadila!"

Mume wangu akaruka kutoka kitini. "Aaah, mzee mwenzangu! Leo umetukumbuka!" Nikamtazama machoni, nikajua hamjui.

Akanifuata jikoni kwa kisingizio cha maji. "Mama, yule si wa kwenu?"

"Wa kwetu? Si wewe uliyemkumbatia?"

"Nilidhani wa kwenu."

Nikamwambia kwetu hakuna mwenye masikio yale.

Tukachinja kuku. Sasa ikaja firigisi. Kama mgeni ni mteja wa karasha, firigisi ni ya mwenye nyumba. Kama ni baba mdogo wa upande wowote ule, ukiila wewe umemtukana mbele ya watoto. Mume wangu aliikodolea macho pale sahanini mpaka mchuzi ukaanza kuganda, mwisho akaomba kisu, akaikata katikati kama mtu anayegawa shamba la urithi. Mgeni akasema tangu azaliwe hajaona firigisi ya wawili.

Mitego ikaendelea juu ya ugali. "Na mzee wa kule?" Yupo. "Na zile shughuli?" Tunasukuma. Mama mkwe wangu, ambaye macho yamepungua lakini haya alizimaliza zamani, akamuuliza ukoo wake waziwazi. Mgeni akamjibu kwa Kisukuma, taratibu, kwa heshima zote, na karasha ya jirani ikaunguruma juu ya kila neno.

Alipoona hakuna njia, mume wangu akaamua kwamba huyu ni mteja wa zamani, akajiachia. Akasimulia habari za binti yetu. "Ameolewa Kharumwa. Watu wazuri, lakini wagumu! Ng'ombe wawili wa mahari mpaka leo hatujawaona. Yule baba wa kijana ana maneno matamu na suti nzuri, ila zizi lake ni la kusimuliwa tu."

Mgeni alikuwa anafyonza mfupa. Akauweka chini. "Pole," akasema. "Huenda ana sababu."

"Sababu gani? Hebu nipigie nipate namba yako, simu hii imefuta majina."

Mgeni akabonyeza. Simu ilikuwa ndani, kwenye chaji. Kitinda mimba wetu wa darasa la tatu, anayesoma kwa sauti kila kitu mpaka maandishi ya kwenye sabuni, akatoka nayo mbio: "Baba! Mkwe Kharumwa anapiga!"

"Mwambie nina mgeni."

Mgeni alikuwa bado ameshika simu sikioni.

Mimi siku ya mahari nilikuwa jikoni na akina mama wenzangu. Nilichokiona cha wakwe ni migongo. Lakini mume wangu alikaa nao uso kwa uso tangu asubuhi hadi magharibi! Mgeni akavua kofia, akaivaa tena.

Kijana wetu wa kidato cha tano akaona amwokoe baba yake. Akasema kuna watu ubongo wao haushiki sura, wala si dharau. Hata Jane Goodall, aliyefika Gombe kule Kigoma mwaka 1960 kuchunguza sokwe, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1999 aibu aliyokuwa akipata kwa kutowatambua watu aliokwisha kukutana nao. Na sokwe wenyewe walikuwa wakimchanganya mpaka awazoee. Daktari Oliver Sacks ndiye alikuwa hatari zaidi: huyo aliwahi kumwomba radhi mwanamume mwenye ndevu aliyetaka kugongana naye, kumbe ni kioo.

Bibi akauliza kama huyo daktari naye alikuwa na wakwe.

"Sokwe wana nafuu," mgeni akasema. "Hawadaiwi ng'ombe." Akacheka peke yake kwanza, halafu bibi, halafu sisi wengine kwa uangalifu. Ikabainika kwamba alikuja kwa ajili ya hao hao ng'ombe: kuomba subira hadi mavuno.

Akapewa subira hadi mavuno ya mwaka unaofuata, na tulipotaka kumrudishia mtetea wake, akakataa. Alfajiri mume wangu akamsindikiza hadi kwenye bodaboda, akimwita mkwe kila baada ya hatua tatu.

"Usihofu," mzee akamwambia akipanda. "Siku ya kuwaleta nitavaa suti."