Barabara Ipite kwa Jirani

Ukiniuliza ninakaa wapi nitakujibu Goba, halafu nitanyamaza, maana najua swali linalofuata: "Goba ipi?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika. Goba ya kwenye lami ni jambo moja. Mimi nakaa Goba ya ndani, ile ya kushuka kwenye bajaji, kuvuka korongo, kupita nyuma ya msikiti, kukata kulia kwenye boma la mtu aliyeishiwa hela kwenye linta, na kumpigia mwenyeji simu aje kukuokoa.

Sina ugomvi na korongo. Lilikuwepo kabla yangu. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa mambo. Naambiwa kuna miji ambayo barabara hutangulia, ikafuatwa na mitaro, mabomba na nguzo, na mwisho kabisa ndipo anapokuja mtu na godoro lake. Huku kwetu anayetangulia ni mtu na godoro. Kodi ya Sinza imemshinda, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, basi anahamia kwake hivyo hivyo: plasta hakuna, madirisha yamezibwa kwa turubai, choo ni cha muda. Akishapumua anajenga ukuta. Umeme unakuja baada ya ukuta, maji yanakuja baada ya umeme, na barabara ndiyo inafika mwisho wa wote, inachungulia mtaani, inakuta kuta tupu pande zote, inarudi ilikotoka.

Na tunaongezeka. Sensa ya Agosti 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Ile ya 2012 ilikuta 4,364,541. Milioni moja na ushei ndani ya miaka kumi, na nina hakika wengi wao wanapita chini ya dirisha langu saa kumi na moja alfajiri wakiwahi daladala huku wakiongea na simu kwa sauti ya mnada. Wilaya yetu ya Ubungo peke yake ilikutwa na watu 1,086,912.

Sasa kuna mtu atanijia na karatasi zake aniambie Dar inakua polepole kuliko nchi nzima: asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati taifa ni 3.2. Ni kweli. Lakini huyo hajatazama ng'ambo ya mpaka. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakawa 2,024,947. Hao hawakwenda wote Rufiji kulima ufuta. Wengi wako Mapinga, Vikindu, Kibaha, Kisarawe, wanaamka usiku wa manane wafike Posta na Kariakoo kabla ya bosi. Kwenye vitabu ni watu wa Pwani, kwenye foleni ni wa kwetu. Mji haukupunguza mwendo hata kidogo, uliruka ukuta tu.

Tulipokuja sisi hapa palikuwa na mihogo na mikorosho. Muuzaji alitupimia kwa hatua zake mwenyewe, na alikuwa mzee mfupi, kwa hiyo viwanja vyetu ni vidogo kuliko tulivyoandikishana. Njia alituonyesha kwa mkono. Aliupeleka mkono kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, akasema, "Hapa itapita barabara kubwa, wanangu." Tukaitikia. Hakuna aliyeuliza kubwa kiasi gani, wala nani atakayeipitisha. Kila mmoja alikuwa anafikiria tofali zake.

Wapo waliobahatika. Mwaka 2002 serikali ilianzisha ule mradi wa viwanja 20,000, ikapima Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Buyuni. Nina shemeji yangu Kibada, nikienda kumtembelea huwa nasimama getini kwake dakika kadhaa nikitazama barabara iliyonyooka. Yeye anadhani nawasalimia majirani. Lakini jiji hili watu wake wengi hawaishi kwenye viwanja vya namna hiyo. Tunaishi kwenye mashamba yaliyokatwa, kisha yakakatwa tena, kisha mrithi akaja naye akakata.

Nimeshuhudia kwa macho yangu jinsi njia inavyoliwa, na wala si kwa wizi wa usiku. Hufanyika mchana kweupe, kwa adabu na salamu juu. Jirani anaanza na ua wa michongoma, umepandwa sawasawa kwenye mpaka wake, hakuna wa kumlaumu. Michongoma inanenepa. Miaka ikipita inapatikana hela ya ukuta, na sasa nani ana moyo wa kung'oa michongoma mizuri namna ile? Ukuta unajengwa kwa nje yake. Nje ya ukuta mama anapanda maua, maana ukuta mtupu haupendezi. Maua yakikanyagwa na bodaboda yanazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Halafu geti linataka mteremko wa zege, gari lisigonge chini. Pembeni ya mteremko fundi anamwaga mchanga uliobaki, wa matumizi ya baadaye, na mchanga huo sasa umeota nyasi na kuna kuku anatagia pale. Ukimgusia jirani, anakuuliza kwa upole kabisa: "Kwani hujapita?" Umepita. Yameisha.

Aliyenifundisha upana kamili wa njia yetu si mpima ardhi, ni dereva wa gari la kunyonya maji taka. Bomba la maji taka la mjini liko mbali mno na huku. Sisi tuna mashimo, na shimo likijaa halisubiri mwisho wa mwezi. Dereva alisimamisha gari kwenye kona, akashuka, akaitembea njia kwa miguu, akanyoosha mikono miwili kupima ukuta kwa ukuta, akatikisa kichwa. "Mzee, gari hili haliingii. Na mpira wangu unaishia kwenye ule mwembe."

Ilibaki njia moja tu, kupitisha mpira uani kwa jirani. Nikaenda kubisha hodi nikiwa nimevaa shati la heshima. Mama mwenye nyumba alinisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi. "Baba, mimi sina neno kabisa, tena sisi ni ndugu. Ila leo wanakuja washenga wa binti." Nikachungulia nyuma yake: mikeka imetandikwa, vikombe vimepangwa, sufuria la pilau liko jikoni. Dereva naye anapiga honi, anasema akisubiri ni hela nyingine. Tukakubaliana mpira upite nyuma, juu ya ukuta, wageni wasiuone. Na kweli hawakuuona. Lakini mashine ile ikianza kuvuta haina siri, na upepo siku hiyo ulikuwa unaelekea sebuleni. Naambiwa mahari ilipatana upesi sana kuliko ilivyotarajiwa, na mshenga mkuu hakumaliza pilau. Harusi imepita salama. Mama yule mpaka leo ananisalimia, ila hanikaribishi ndani.

Mvua nayo ina habari zake. Zamani ilikuwa ikinyesha huku mlimani, mihogo inakunywa, mchanga unakunywa, kinachobaki kinajikokotea korongoni taratibu. Sasa juu ni bati, chini ni pevingi, na kila mwenye ukuta ametoboa tundu akachomeka bomba, mdomo umeelekezwa njiani. Ikinyesha, mabomba yote yanatapika kwa pamoja. Mtaro wetu ni barabara na barabara yetu ni mtaro. Kila masika tunachangishana kifusi, tunamwaga, tunasawazisha kwa koleo na kupongezana. Kila masika kifusi hicho kinahamia kwa watu wa bondeni, ambao naamini hawajawahi kununua kifusi tangu wazaliwe.

Mtu asiseme hakuna kilichojengwa. Mwendokasi ya Kimara ipo tangu 2016. Barabara ya Morogoro imepanuliwa, njia nane kutoka Kimara kuelekea Kibaha. Ukiwa pale katikati unajisikia umesafiri. Tatizo ni kufika pale. Nauli ya bodaboda kutoka kwangu hadi kwenye lami ni kubwa kuliko nauli ya daladala kutoka kwenye lami hadi mjini, na bodaboda nako ni kupanda huku umeshika mkoba kwa mkono mmoja na roho kwa mwingine. Barabara kubwa zina wa kuzijenga. Mita mia nane za mwisho, zile za kumfikisha mtu mlangoni, tumeachiwa sisi na michongoma yetu.

Na hizo barabara kubwa, pamoja na uzuri wake, ndizo zinazotuletea watu. Ikisikika tu redioni kwamba barabara fulani imeingia kwenye bajeti, madalali wanaamka kabla ya jogoo. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kinakatwa katikati kabla greda halijaonekana. Aliyekuwa na bustani ya mchicha anapandisha vyumba vya wapangaji. Tangazo linabandikwa kwenye nguzo ya umeme: dakika tano kutoka lami. Dakika hizo ni za kunguru. Chini yake wameandika kuwa maji na umeme vipo jirani, na hapo sina la kuwasuta, kwa sababu kweli vipo kwa jirani.

Mwaka 2022, kabla ya sensa, ilipita operesheni ya anwani za makazi. Nasi tukasimikiwa nguzo yenye kibao, maandishi safi kabisa, imeandikwa kuwa hapa ni barabara na jina lake likafuata. Nguzo imesimama karibu na katikati ya njia. Haimzuii mtu, kwa kuwa gari halifiki hapo. Nyumba yangu nayo ina namba. Naweza kuletewa barua sasa, ingawa mara ya mwisho kuandikiwa barua nilikuwa sekondari na ilikuwa ya kunikataa.

Basi juzi tukaitwa mkutano wa urasimishaji wa makazi. Waliokuwa hawajawahi kuonekana mtaani walionekana. Kijana wa upimaji alibandika mchoro ukutani, akatuonyesha kwa kalamu: hapa viwanja vyenu, hapa bikoni, na hapa barabara ya mita sita, itanyooka kutoka msikitini mpaka korongoni. Tukapiga makofi. Barabara ya mita sita! Mzee mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti. Mama wa genge akasema sasa hata zimamoto watafika.

Kisha kila mtu akasogea kwenye mchoro kutafuta kwake, na makofi yakakata.

Mwenye michongoma alisimama kwanza. Hapingi maendeleo, alisema, ila angependa kushauri kwamba upande wa pili udongo ni mgumu zaidi, barabara itadumu. Wa upande wa pili akasema udongo wake ni kichanga kitupu, tena kuna kaburi la babu. Tulipouliza kaburi lipo wapi, akaonyesha pale kuku wanapotagia. Mwingine, ambaye banda lake la wapangaji liko juu ya barabara yote kwa urefu, akataka kujua kama mita sita ni lazima, kwani Ulaya amesikia kuna miji ya kihistoria yenye vichochoro na watalii wanalipa kwenda kuvitazama. Huyo alipata wafuasi wengi.

Mimi nilisubiri zamu yangu kwa utulivu. Mstari wa kijana yule ulipita juu ya jiko langu, ukalikata tenki la maji, ukatokea kwenye kona ya chumba cha kulala. Nikasimama nikasema kwa sauti ya mtu asiye na maslahi yoyote kwamba barabara iliyonyooka ni hatari. Watoto watagongwa. Bodaboda watakimbia. Barabara salama ni yenye kona, na kona nzuri kuliko zote, kwa jinsi ninavyolijua eneo, ingeanzia kwenye uzio wa jirani yangu wa kushoto. Jirani wa kushoto akanitazama. Tulichimba kisima pamoja na yule mtu.

Kijana wa upimaji akakunja mchoro. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ameshaona mikutano mingi ya aina hii, akasema hoja zote ni nzito na akapendekeza iundwe kamati ya njia. Ikaundwa papo hapo. Mwenye michongoma ndiye mwenyekiti wa kamati, mwenye kaburi ni mtunza hazina, na mimi, kwa kuwa nilionekana ninajua kujieleza, nimekuwa katibu. Kikao cha kwanza kitafanyika Jumapili nyumbani kwangu, maana wajumbe wawili wana magari, na kwangu ndiko mwisho wa gari.