Sifa za "So"

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alisimama, akakohoa, akasema: "So, ndugu wajumbe, mchango ni laki moja." Kabla ya hapo hakuwa ametamka neno. Hatukusikia gharama ya ukumbi, bei ya mchele wala hesabu ya wageni. Matokeo yalifika, sababu zikabaki nyumbani, na hakuna aliyeuliza. Siku hiyo nililivulia kofia neno hili dogo la Kiingereza.

"Kwa hiyo" yetu haina ukarimu huo. Fungua nayo kikao, utaulizwa: hiyo ipi? "Hivyo" nayo itataka kujua vipi. Maneno ya Kiswahili yana tabia ya mwenye duka, yanadai papo hapo. "So" hukopesha bila daftari.

Kwao Uingereza ni kibarua wa kazi zote. Likiandamana na "that" huwa "ili". Likitangulia kivumishi huwa "mno". Katika "I think so" hubeba sentensi nzima mgongoni. Liulize peke yake, "So?", na ugomvi umeshaanza. Wala si la juzi: Waingereza wa kale walilitamka "swa". Seamus Heaney, mshairi wa Ireland, katika tafsiri yake ya Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, iliyotoka mwaka 1999, aliufungua utenzi wote kwa "So", akatia nukta. Alieleza kwamba jamaa zake walilitumia hivyo: kufuta yote yaliyosemwa kabla na kuita masikio. Mwenyekiti wetu, kumbe, alikuwa na watangulizi.

Pwani nako tuna "so" yetu, ya kienyeji kabisa, imejificha ndani ya vitenzi: asojua, asoona, lisokuwa. Kazi yake ni kutangaza kwamba kitu hakipo. Mtu wa Mombasa akikwambia "jambo lisokuwa na sababu", amelieleza la Kiingereza bila kukusudia.

Wapo wasioridhika na moja, husema "so kwa hiyo". Nawaheshimu sana. Ni kama kupiga hodi ukiwa umeshaketi sebuleni, kikombe cha chai mkononi.

Basi usiku uleule nikaituma ile laki moja kwa simu. Mwenyekiti hakuchelewa kujibu: "So bado ya sare."