Akili ni Nywele

Mkanda wa mawimbi ya ubongo ni kifaa chepesi kinachovaliwa kichwani. Una elektrodi moja au zaidi zinazogusa ngozi, nao hurusha kwenye simu kwa bluetooth kila unachokisikia. Ahadi yake ni kwamba aliyeuvaa atawasha taa, atapiga picha au atapandisha sauti ya spika bila kuinua kidole. Watu husema mkanda unasoma mawazo. Huo ni ukarimu wa wauzaji. Mkanda ni kama mtu aliyesimama nje ya ukumbi wa harusi pale Mwanjelwa, Mbeya: anajua ndani kuna watu, anajua muziki umepanda au umeshuka, lakini nani kamwambia nani nini, hajui.

Fani hii ilianza na mtu kuanguka. Miaka ya 1890, kijana wa Kijerumani aitwaye Hans Berger, akiwa jeshini, alirushwa na farasi akaponea chupuchupu kukanyagwa na gari la mzinga. Siku hiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu, na baba yao akatuma telegramu kuulizia hali ya kijana. Berger akaamini kuwa wazo lake la mauti lilisafiri lenyewe mpaka nyumbani. Akasomea udaktari wa akili, na mwaka 1924, mjini Jena, akawa wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Matokeo aliyatangaza mwaka 1929. Mawazo yanayosafiri hakuyapata. Alichopata ni wimbi la alfa, lenye mipigo 8 hadi 13 kwa sekunde, ambalo hukua mtu akifumba macho na kutulia. Yaani baada ya kazi ya miaka mingi ilijulikana kwa hakika lini mtu hafanyi lolote.

Miaka hiyohiyo ya 1890 Wajerumani wengine walikuwa Uhehe, wakimwandama chifu Mkwawa. Alipokufa mwaka 1898 kichwa chake kilichukuliwa, na fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 lilichaguliwa na gavana Edward Twining katika mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa marehemu. Wapo wanaolitilia shaka mpaka leo. Iringa, kwa hiyo, haihitaji kuelezwa ugumu wa kupima kichwa kwa nje na kutangaza kilichomo. Isitoshe, mji huo una Gangilonga, jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na halijawahi kuomba kuchajiwa.

Ugumu wa kwanza ni udogo wa kitu chenyewe kinachotafutwa. Umeme wa ubongo ukishapenya fuvu na ngozi hubaki mikrovolti chache, makumi kwa kawaida. Betri ndogo ya rimoti ina volti 1.5, yaani mara 50,000 ya wimbi la mikrovolti 30. Wakati huohuo waya za nyumbani zimebeba volti 230 zinazotetemeka mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo huingia kwenye mkanda bila hodi. Kuna vichujio vya kuuondoa, lakini mtumiaji aliyeketi kando ya ekstensheni yenye chaja tano ni sawa na anayetaka kusikia mbu akiwa ndani ya mashine ya kukoboa mpunga. Umeme ukikatika mtaa mzima, mawimbi yake hutoka safi kuliko wakati mwingine wowote. Hapo tatizo huwa taa iliyokusudiwa kuwashwa.

Ugumu wa pili ni uso. Mikanda mingi ya bei nafuu huweka elektrodi kwenye paji la uso na kibanio kwenye ndewe ya sikio, na paji la uso ni mtaa wa misuli. Kope zikipepesa, mkanda hupokea pigo kubwa kuliko wimbi lolote la fikra. Taya zikitafuna, hupokea ngurumo. Anayekula hindi la kuchoma stendi ya Uyole huonekana kwenye simu kama mtu aliye katikati ya uvumbuzi mkubwa. Jambo hili halikuanzia kwenye mikanda. Miaka ya 1970, daktari Adrian Upton wa Kanada alifunga elektrodi za hospitali kwenye jeli ya ndimu, ile ya kula, na mashine ikachora mawimbi yanayofanana na ya mtu aliye hai, kwa sababu ilikuwa ikipokea vurugu za vyombo na watu wa jirani. Parachichi la Rungwe, likivikwa mkanda vizuri, lingefanya angalau hivyo.

Watengenezaji wengine waliona kuwa adui huyu ni afadhali aajiriwe, wakafanya kupepesa jicho kwa nguvu kuwe ndiyo kitufe. Mtumiaji hupokea simu kwa kufinya macho mara mbili. Nyumbani hili lina maana. Ndani ya daladala ya Kabwe, abiria wakiwa wametazamana, dada aliye mkabala haoni simu inayopokewa. Anaona mtu mzima anamkonyeza, tena kwa kurudia. Maelezo kwamba ni teknolojia huwahi kutolewa, lakini si kwa wakati.

Hali ya hewa nayo ina neno. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Elektrodi kavu hupenda ngozi yenye unyevu kidogo. Julai ngozi ya Mbeya haina unyevu wa kumpa mtu. Dawa ya ngozi kavu ni mafuta ya mgando, na mafuta hayapitishi umeme. Ayafutaye hupata mawimbi na mipasuko ya ngozi. Asiyeyafuta hupata uso laini na simu inayosema hakuna kichwa. Akivaa mzula juu ya mkanda ili apate joto, mzula husukuma elektrodi hadi kwenye nyusi. Akiuvua, hutetemeka, na kutetemeka ni misuli.

Kisha kuna nywele, na hapa methali isemayo akili ni nywele inageuka kuwa onyo la kiufundi. Mikanda yenye elektrodi nyingi, na vifaa vya hospitali pia, hutaka kugusa ngozi ya kichwa sehemu mbalimbali, na waliovibuni walikuwa wakiwaza nywele laini zinazosogea kando. Nywele nzito za kipilipili huisukuma elektrodi juu kama godoro jipya. Rasta huiweka mbali zaidi. Wigi hulifunga shauri. Ufumbuzi ulikuja mwaka 2020 kutoka Carnegie Mellon, Marekani, ambako mwanafunzi Arnelle Etienne na wenzake walitengeneza vibanio vinavyoingia chini ya mistari ya nywele zilizosukwa, wakaviita Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Sharti lake ni kusuka kwanza, kwa mistari iliyonyooka inayoacha ngozi wazi pale elektrodi zinapotakiwa. Huo, kwa lugha ya kila kibaraza cha msusi kuanzia Mafinga mpaka Tunduma, ni mtindo wa twende kilioni. Fundi aliyekuwa anakosekana alikuwa ameketi kwenye kigoda muda wote huo, kitana mkononi, na bei yake inajadilika.

Mawimbi yakishapatikana, programu huyageuza kuwa namba. Ya NeuroSky, kampuni ya Marekani, hutoa alama 1 hadi 100 za umakini na nyingine kama hizo za utulivu, na amri hupachikwa juu ya alama hizo. Mwaka 2014 kampuni moja ya London ilitumia kifaa cha NeuroSky kupiga picha kwa miwani ya Google: ukikaza akili, mstari unapanda, ukifika juu, picha inapigwa. Kasoro ni kwamba mkanda hauulizi akili imekazwa kwa ajili gani. Abiria wa basi linaloteremka Kitonga, kona baada ya kona, lori la mafuta likinusa bampa ya nyuma, ana umakini ambao watawa wangeuonea wivu. Angekuwa na mkanda, angefika Ruaha Mbuyuni na picha mia za kisogo cha dereva. Na anayejilazimisha kutulia ili azime taa alale hugundua kuwa kujilazimisha si kutulia. Taa hubaki ikiwaka, naye akiitazama kwa hasira inayozidi kuiwasha.

Kuandika kwa ubongo kunawezekana pia. Mwaka 1988 Farwell na Donchin walionyesha jedwali la herufi zinazomulika kwa zamu. Ile anayoitaka mtu ikimulika, ubongo hushtuka kidogo, na kompyuta hukisia. Kasi ilikuwa takriban herufi 2.3 kwa dakika. Kwa mgonjwa asiyeweza kusogeza kiungo hata kimoja, hiyo ni sauti aliyorudishiwa, wala haichekeshi. Kwa mzima wa Iringa ni hesabu nyingine. Salamu ya "Kamwene" ina herufi 7, dakika tatu. "Shikamoo" ina 8, dakika tatu na nusu, na mzee anasubiri akiwa amesimama. Bado hali ya nyumbani, watoto, shamba, mvua na ng'ombe, kila swali na jibu lake. Habari za asubuhi zingekamilika jioni, zikabidi zianze upya kwa sababu ya saa.

Mikanda ya leo ina kasi zaidi, na kila mtumiaji huifundisha kwa siku kadhaa mpaka izoee kichwa chake. Betri ikikaribia kwisha, mwanga mdogo humweka. Kuzima kuna swichi pembeni, karibu na sikio. Husukumwa kwa kidole.