Gramu 60 za Nani?

Nyumba yetu ina vyumba sita, familia tano, choo kimoja na friji moja. Choo ni cha wote kwa mujibu wa mkataba. Friji ni yangu kwa mujibu wa risiti, lakini risiti ni karatasi tu. Ukitaka kumjua mwenye mali, fungua mlango uone. Rafu ya juu, maziwa ya mtoto wa chumba cha tatu. Rafu ya kati, chupa saba za maji, na hakuna hata moja niliyoijaza mimi. Ya chini, sindano za sukari za mzee wa chumba cha mwisho, ambazo daktari amesema zikae kati ya nyuzi 2 na 8, zisigande wala zisipate joto, kwa hiyo zina adabu yake na hakuna anayezigusa. Kule juu kabisa, kwenye sehemu ya kugandishia, ndiko kwenye maneno: lambalamba za watoto, wali wa juzi ndani ya kopo la siagi, na samaki wa Mama Vitumbua.

Mama Vitumbua anapika barazani tangu alfajiri, na kila Ijumaa huenda soko la samaki la Feri kununua vibua vya wiki nzima, akavifunga kwenye mifuko ya kilo mbili mbili. Jumanne moja alitoa mfuko wake, akauinua kwa mkono wa kulia, akauhamishia wa kushoto, kama bibi anayempima mjukuu aliyekaa likizo kwa watu. Kisha akasema:

"Shemeji, huyu samaki amepungua."

Kwa Kiswahili cha nyumba za kupanga, sentensi hiyo haina mtendaji lakini ina mshtakiwa. Samaki hajapunguzwa, amepungua. Ila friji ya nani? Niliapa. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akanitupia jicho moja tu, maana anajua usiku nikikosa usingizi miguu hunipeleka jikoni bila kuniuliza. Lakini hayo ni mambo ya wali na maharage. Kibua mbichi, aliyeganda kama tofali, nimtafune na nini?

Usiku ule ndipo nilipopata wazo la kuweka mzani ndani ya friji.

Naomba nisihesabiwe mwendawazimu mapema, kwa sababu kupima na baridi ni mambo yaliyooana zamani. Kabla ya friji za umeme, Wamarekani walikuwa na kabati la mbao, ndani limevishwa bati au zinki, bonge la barafu linakaa juu na chakula chini. Barafu ililetwa na mtu wa gari la farasi. Mama wa nyumba hakutoka nje kupiga kelele. Alitundika dirishani kadi yenye namba pande zote nne, mara nyingi 25, 50, 75 na 100, na ile iliyokaa juu ndiyo ratili anazotaka siku hiyo. Muuza barafu alikata bonge, akalitundika kwenye mzani wa springi, wa ndoano, kama ule wa wauza nyama wetu, akaliingiza jikoni. Sasa fikiri mwenyewe: bidhaa inauzwa kwa ratili, nayo inayeyuka njiani, tena ni mwezi wa saba, ambao kwao ni wa joto. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston aitwaye Frederic Tudor alipeleka Calcutta meli yenye tani kama 180 za barafu ya maziwa, namaanisha maziwa ya maji, si ya ng'ombe. Zilizofika ni kama tani 100. Tani 80 ziliishia baharini bila mwizi na bila kikao cha wapangaji. Pande zile zile za Marekani ndizo zilizotuletea Unguja kitambaa cha merikani, na kitambaa, walau, hakiyeyuki.

Makabati hayo yalikuwa pia na karai chini, la kukingia maji ya barafu, na kila siku lilimwagwa. Maelezo ya karai niliyaona. Niliyaruka.

Kazi nilimpa mpwa wangu. Anasoma ufundi wa elektroniki na ana ugonjwa wa vijana wa fani hiyo: akiona kifaa kinafanya kazi, anakifungua. Alichukua mzani wa mke wangu wa kupimia unga, wa kilo tano, akaufumua mezani huku mwenyewe yuko msibani. Ndani mna kipande cha alumini kilichotobolewa katikati, juu yake zimegandishwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ukiweka mzigo, kile kipande kinapinda kidogo mno, jicho halioni. Nyuzi nazo zinavutika, umeme unapita kwa taabu zaidi, na ile taabu ndiyo inayogeuzwa kuwa namba.

"Kwa hiyo, mjomba," akasema, "gramu ni taabu tu."

Nilimwambia hilo nalijua tangu nioe.

Alikilaza kile kipande chini ya trei ya kugandishia. Waya wake bapa aliupitisha kati ya mlango na ule mpira wa mlango, kioo cha namba akakibandika nje kwa gundi, usawa wa macho. Akaongeza king'ora cha betri: uzito ukipungua gramu 100, kinalia. Nilimuuliza kama waya hautauzuia mlango kufunga. Akausukuma kwa goti, ukafunga. "Umeona?" Nikaona.

Uzinduzi ulifanyika Ijumaa baada ya swala, wapangaji wote wakiwa jikoni na watoto wamekalia ndoo. Mgeni rasmi alikuwa mzee wa chumba cha mwisho, kwa sababu maalumu: kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mizani ya pamba huko Kanda ya Ziwa. Huyo ni mtu aliyekaa nyuma ya mzani miaka mingi kuliko umri wangu. Alivaa miwani, akainama kwenye kioo. Trei ilikuwa tupu, haina hata tone.

Kioo kilisema 60.

Mzee akanyamaza. Akafungua mlango, akachungulia, akafunga. Bado 60.

"Gramu 60 za nani?" akauliza.

Mpwa wangu akaeleza, jasho likimtoka, kwamba sifuri aliiweka pale mezani, kwenye joto la Dar la nyuzi 31, na sasa kile kipande kiko kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipande kikipoa kinabadilika, na nyuzi zake zinabadilika nacho, kwa hiyo namba inahama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nimeona mzani unaoiba kwa kidole cha karani. Nimeona unaoiba kwa jiwe lililochongwa tumboni. Unaoiba kwa sababu unasikia baridi ndio naanza kuuona leo." Kisha akanigeukia mimi: "Una stika ya Wakala wa Vipimo?"

Nikamwambia si wa biashara, mzee, ni wa kulinda heshima. Akasema huo ndio unahitaji stika mbili.

Hata hivyo Mama Vitumbua aliweka mfuko wake. Tuliondoa zile 60 kwa kutoa, kichwani, mbele ya mashahidi, tukaandika ukutani kwa mkaa: kilo 2. Mali ya wengine ikahamishiwa rafu za pembeni, trei ikabaki yake peke yake kwa majaribio.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha sana. Nikipita jikoni nasoma namba kama anayesoma salio. Siku ya tatu salio likapanda: kilo 2 na gramu 130. Nilidhani macho. Siku ya tano, gramu 260. Ijumaa iliyofuata kioo, baada ya kutoa zile 60, kilisema kilo 2 na gramu 400, na habari ikawa imeshafika mtaa wa pili kwamba friji yangu inanenepesha. Mama mmoja alikuja na utumbo wa mbuzi akaomba uwekwe "hata wiki moja tu". Mke wangu akaniambia nisije nikaleta watu wa upatu nyumbani kwake.

Jioni Mama Vitumbua akaja na karai kuchukua chake.

"Shemeji, nilikukabidhi kilo mbili. Friji yako inasema mbili na gramu mia nne. Nitaomba zote."

"Dada, samaki aliyekufa haongezeki."

"Na hapungui. Lakini alipopungua hukusema hivyo."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata. Tukakubaliana asubuhi mzee atafungua kikao. Na ile saa mbili usiku umeme ukakatika.

Sasa unganisha mwenyewe nilichoshindwa kuunganisha mimi. Ule waya bapa ulikuwa umeuacha mpira wa mlango na mwanya, mdogo, wa kupita ukucha. Hewa ya pwani ina mvuke mtupu. Wiki nzima mvuke ule ulikuwa unajipenyeza, ukikuta baridi unaganda juu ya trei, juu ya mfuko, kila mahali, mpaka samaki akawa amelala kwenye godoro la barafu. Hizo ndizo gramu 400. Umeme ulipoondoka, godoro likaanza kuyeyuka na kudondoka. Trei ikawa nyepesi. Na king'ora kilikuwa cha betri.

Saa tisa usiku kililia.

Niliruka kitandani nikiamini nimemkamata. Nilikwenda peku, gizani, mkono mmoja umeshika kanga ya mke wangu kiunoni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mlangoni mwa jikoni nikakanyaga maji. Mguu wa kulia ulikwenda upande wa ndoo, wa kushoto ukabaki nyumbani, nikadaka cha kwanza kilichonijia mkononi, nacho ni mpini wa friji. Mlango ukafunguka wote. Trei ikateleza nje na mfuko wa vibua ukanijia kifuani, nami nikaukumbatia ili usinipige usoni.

Tochi za simu zikawaka mlangoni, tano kwa hesabu ya haraka. Nyuma ya kila tochi kuna mpangaji. Na katikati ya mwanga wote huo mimi, nimekaa kwenye dimbwi, nimevaa kanga yenye maneno ambayo sitayarudia hapa, nimemkumbatia samaki wa watu, na king'ora juu yangu kinaita mwizi, mwizi, mwizi.

"Shemeji," akasema Mama Vitumbua. Hakuongeza neno.

Mke wangu ndiye aliyeongeza. "Angalau angesubiri nimkaange."

Asubuhi mzee alisimamia kesi kwa haki, lazima nikiri. Alikataa mzani wangu kama shahidi. Alimtuma mtoto amwite muuza genge wa mtaa wa pili, ambaye mzani wake una stika, aje nao. Vibua wakafutwa maji, wakapimwa mbele ya watu. Kilo 1 na gramu 940.

Kimya. Mzee akainua kibua mmoja mkiani akatuonyesha kingo zake: zimepauka, nyeupe, zimekakamaa kama midomo ya mwanafunzi wa Njombe asubuhi ya mwezi wa saba. Akasema nyama ikikaa kwenye baridi kali ndani ya mfuko usiofungwa vizuri hukauka. Barafu iliyomo inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na uzito unaondoka kimya kimya. Pamba nayo ilikuwa hivyo ghalani, ikikauka inapungua, na karani mwaminifu aliandika, asiye mwaminifu alimwagia maji. Uzito mwingine samaki ameupoteza wakati barafu inamtoka usiku. Kwa hiyo hata ile Jumanne ya kwanza huenda samaki alipungua kweli, na wala hakuliwa na mtu.

Nilitaka kumbusu yule mzee. Lakini Mama Vitumbua alikuwa bado anahesabu kwenye vidole.

"Mbili kamili, toa moja na mia tisa arobaini," akasema, "inabaki gramu 60."

Watu wote tukatazama friji. Gramu 60. Zile zile zilizokuwa kwenye trei kabla samaki hajaingia.

"Basi," akahitimisha, "mzani wako ulimla kabla hajafika."

Mpwa wangu akajaribu kueleza kwamba hizo ni 60 mbili tofauti, moja ya joto na nyingine ya mvuke. Hakuna aliyemsikiliza, na nyumba nzima mpaka leo inaamini mzani ulimla kwanza. Nililipa kibua mmoja mnene, mwenyewe akamkaanga, akaniletea nusu na ndimu.

Waya umetolewa. Mpira wa mlango ulikuwa umebonyea, tukaukanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukarudi. Mzani wa mke wangu umeungwa tena, una skrubu moja isiyo na kazi. Ijumaa iliyopita Mama Vitumbua alileta mfuko mpya, nikamuuliza kilo ngapi.

"Weka tu, shemeji."

Nikaweka. Nawe ukiwa na samaki na uko maeneo yetu, nafasi ipo. Njoo na mfuko unaofunga vizuri, andika jina lako, na tafadhali usimpime kabla ya kumleta.