Moja kwa Moja

Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, kila kitu huenda moja kwa moja, isipokuwa mwendo wenyewe. Konvoya anaita, "Mjini, direkte!", kisha basi linasimama kila kona kuokota abiria. Karani anaahidi, "Baba, nitakuambia bila kuzunguka," na nusu saa baadaye ndipo anafikia pesa ya sukre, yaani hongo yake. Mshenga naye amekuja "kusema neno moja tu", kaeni kwanza.

Waliojua kunyoosha ni Wabelgiji walioanzisha mji huu mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Barabara zilikatwa kwa rula, na baadaye ukanda mtupu ukawatenga Wazungu na Waafrika. Unyoofu ule haukumfikisha mtu kwa jirani yake. Kwa hiyo jirani akikuapia kwamba yeye hana kona, mkaribishe vizuri, ila hesabu vijiko kabla hajaaga.