Zaidi ya Gunia

Kibabii, mwezi wa Desemba, hakuna habari mbaya kama "umekonda". Anayerudi kutoka Nairobi akiwa mwembamba huhesabiwa kuwa amefutwa kazi, ni mgonjwa, au ameoa vibaya. Mara nyingi yote matatu. Mwenye kitambi hupokewa kwa vigelegele. Sasa nenda ukawaambie watu hao kwamba daktari amekutaka upunguze uzito.

Shangazi yangu akisikia neno "daktari" hukimbilia kuku. Kwake kuku wa kienyeji ni dawa, ni salamu, na ni ushahidi kwamba mgeni alifika. Kusema "nimeshiba" hakusaidii: maana yake umekula kwingine ukamnyima yeye heshima. Na firigisi ikishawekwa mbele yako huna pa kutorokea, kwa sababu wengine wameikosa ili uipate wewe. Ukitoka hapo uende kwa baba mdogo, kuku mwingine anakungoja, naye ana firigisi yake.

Nikaona heri nikimbie. Alfajiri nikashika barabara ya kuelekea Chuo Kikuu cha Kibabii. Kumbe kijijini mtu mzima hakimbii saa hizo bila sababu. Kijana wa boda boda akasimama. "Bosi, nani amelazwa? Panda, nauli tutaelewana." Nikamwambia nafanya mazoezi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mfiwa aliyechanganyikiwa.

Niliporudi nyumbani, viti vilikuwa vimepangwa uani. Majirani walishafika kumpa mama pole, ingawa hakuna aliyejua ni nani hasa aliyefariki. Waombolezaji hawaondoki na njaa, basi mama akabandika chai, mandazi yakakaangwa, nami kama kifungua mimba wa boma nikaketi nao, nikala kwa heshima ya marehemu asiyekuwepo.

Chai hiyo, kwa maoni yangu, ni mtego mkubwa kuliko kuku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula, na ikishuka chini ya 5, yaani kama vijiko sita vya chai kwa siku, ni bora zaidi. Kwetu vijiko sita huisha kabla kikombe cha pili hakijapoa. Na hapa ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Nzoia kiko pale Bukembe. Ukiomba chai isiyo na sukari mbele ya mkulima, hukutazama kana kwamba umeingiza ng'ombe shambani mwake.

Mizani haikosekani Desemba, kwa kuwa mahindi yanauzwa. Nilipanda ya dalali mmoja sokoni. Gunia ni kilo 90. Akasoma, akasoma tena, akacheka: "Ndugu, wewe umezidi gunia. Tena hujakauka. Bodi ya nafaka haichukui mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Nenda ukaanikwe kwanza."

Nikajaribu kumtisha mama kwa sayansi. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima 195 huko Marekani. Msimu wa sikukuu waliongezeka, kwa wastani, chini ya nusu kilo, ingawa wenyewe walidhani ni zaidi sana. Ubaya ni kwamba uzito huo haukutoka katika mwaka uliofuata. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Nusu kilo? Hao walikuwa wamealikwa na nani?"

Dawa yenyewe imeota nyuma ya nyumba: mrenda, kunde, saga. Lakini hizo ni mboga za Jumanne. Nilipoomba mrenda siku ya Krismasi, niliulizwa kwa sauti ya chini kama nimekosana na mtu. Kwa hiyo, akina mama na mashangazi wa Kibabii, tunawaomba: tarehe 25 wekeni sufuria moja ya mrenda kando ya kuku. Walaji tupo wengi, ila tunaona haya kuomba.