Sifa za Mheshimiwa Mvumo

Nasimama kumsifu mzamiaji wa kila shughuli ya muziki mjini hapa, Mheshimiwa Mvumo. Ni ile "mmmm" inayotoka kwenye spika kabla mpigaji hajagusa uzi, na inayobaki akishatoa mkono. Umeme wetu ni wa hetsi 50. Koili ya gitaa inaunasa, amplifaya inaukuza, na Mheshimiwa ameshakaa kiti cha mbele. Waimbaji wanahama bendi, wapiga solo wanapotelea Uarabuni, yeye hajakosa onyesho hata moja wala hajadai posho.

Hapa Upanga, Dar es Salaam, ana jamaa wengi. Tundika magodoro ukutani kwenye chumba cha ghorofa, kiite studio, washa maikrofoni: kiyoyozi cha jirani, jenereta la chini, bajaji, kunguru. Wote wanaingia bila hodi.

Maadui zake wakamtengenezea geti. Ni kifaa, siku hizi programu tu, kinachofunga njia kila sauti inaposhuka chini ya kizingiti alichopanga fundi mitambo. Fundi anadhani kamaliza kazi, kumbe ndiyo kwanza darasa linaanza.

Kwenye tumba geti lifunguke ndani ya milisekunde moja au chini yake, la sivyo kofi linaliwa kichwa tunabaki na mkia. Kizingiti nacho kikipanda mno, vile vidole vinavyotambaa kati ya pigo na pigo vinapotea, na ndivyo hasa vinavyomwinua mtu kitini. Nenda kwenye besi uone vituko. Uzi wake mnene unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, yaani wimbi moja linachukua milisekunde 24. Geti lenye papara hufunga na kufungua ndani ya wimbi lilelile, besi ikaanza kukwaruza, na mpigaji akasingiziwa waya mbovu. Dawa yake ni subira: lingoje milisekunde 50 au zaidi ndipo lifunge, na kizingiti cha kufungia kiwe desibeli chache chini ya kile cha kufungulia. Gitaa la solo, linapolia na kufifia taratibu, linataka kufungiwa polepole, nusu sekunde na zaidi. Saksafoni ndiyo usiseme. Pumzi ya mpulizaji inatembea kimo kimoja na Mvumo. Ukimfukuza mmoja umewafukuza wote wawili, na unabaki na saksafoni isiyopuliziwa na mtu.

Nani mwingine angemfanya fundi asikilize kila ala kwa zamu, kwa adabu hiyo, bila ada?

Huko ng'ambo wamempiga vita siku nyingi. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza ya koili mbili za gitaa zinazofutiana mvumo. Kwenye albamu ya mwimbaji Peter Gabriel ya mwaka 1980, fundi mitambo Hugh Padgham na mpiga ngoma Phil Collins waliligeuza geti lenyewe kuwa kionjo: mwangwi wa ngoma unakatwa ghafla, pap! Muongo mzima ukaiga. Kwetu, bendi kama NUTA Jazz na Mlimani Park zilirekodi Redio Tanzania zikipiga kwa pamoja, maikrofoni ya huyu ikidokoa sauti ya yule. Zisikilize kanda zile sehemu gitaa linapopumua: chumba kipo, watu wamo, na Mheshimiwa yumo. Sijasikia mzee yeyote akilalamika.

Fundi mwenye busara hafungi geti lote siku hizi. Anapunguza desibeli 10 au 12 tu, Mvumo ashushe sauti lakini asitoke. Na wale wa filamu wamezidi: kabla ya kufungasha vyombo wanamrekodi peke yake, nusu dakika nzima, simu zimezimwa, kila mtu amesimama tuli. Heshima hiyo siku hizi hata maiti haipewi.